Akina Mama 3,600 Wenye Uzito wa 226: Mwongozo wa Klasta katika Tafiti za Uzazi za Hospitali Nyingi

Mwanafunzi wa uzamili ananiletea faili la Excel. Hospitali 12, akina mama 300 kutoka kila moja, jumla 3,600. Hazikumjia kirahisi: amepanda mabasi ya alfajiri, amelala gesti, amenakili rejesta za leba ukurasa kwa ukurasa. Swali lake ni moja tu: "Mwalimu, sampuli imetosha, sivyo?"

Inategemea anataka kulinganisha nini. Kama hospitali sita zilipata mafunzo ya kuzuia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na sita hazikupata, basi akina mama wake 3,600 wanaweza kuwa na uzito wa akina mama 226. Hesabu yenyewe nitaionyesha hapa chini.

Sababu ni kwamba waliojifungulia hospitali moja wanafanana. Wanahudumiwa na wakunga walewale, wanagombea chumba kimoja cha upasuaji, na umeme ukikatika unakatika kwa wote. Ukionja kijiko kimoja cha mchuzi umeshajua chumvi ya sufuria ile. Kijiko cha mia tatu hakikuongezei habari nyingi. Ukitaka kujua mtaa mzima unapikaje, onja sufuria nyingine. Kundi la watu wanaofanana namna hii tunaliita klasta, na mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wazo la utafiti, au tayari ana data, na hajui aanzie wapi.

Hatua ya 1: Chora ngazi kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi. Chini kabisa andika mtoto, juu yake mama, kisha zamu au timu ya wakunga, kisha hospitali, kisha mkoa. Utafiti wa nchi kadhaa unaongeza nchi juu kabisa. Kwa kila ngazi jiulize: watu wa fungu moja hapa wanafanana kuliko watu wa mafungu mawili tofauti?

Mapacha husahaulika kuliko chochote. Kama unachopima ni cha mtoto (alama ya Apgar, yaani hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa, ya dakika ya 5, kulazwa wodi ya watoto wachanga, kifo), pacha wawili wana mama mmoja, mimba moja, na mara nyingi wote ni njiti. Hao ni klasta ndogo ndani ya klasta kubwa. Wakiwa wachache, makosa sanifu (kipimo cha makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati) yaliyorekebishwa kwa ngazi ya hospitali yatawabeba humohumo. Wakiwa wengi, kama katika utafiti wa watoto njiti, wape ngazi yao.

Sasa swali linaloamua mengine yote: kitu unachokilinganisha kinabadilika katika ngazi ipi?

Kama kila mama anafunguliwa bahasha yake na kupangiwa dawa moja au nyingine ndani ya hospitali ileile, hospitali ni tabaka tu. Unalinganisha jirani na jirani, na ukiiweka hospitali katika modeli makadirio yako huwa makini zaidi, si dhaifu. Lakini kama kinachobadilika ni hospitali yenyewe (imepata mafunzo, ina benki ya damu, imebadili utaratibu), basi sampuli yako halisi inakaribia idadi ya hospitali, na ndipo klasta zinapouma.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ni mfano mzuri wa kwa nini wakati mwingine huna namna nyingine. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Ulijaribu kifurushi cha kugundua damu mapema, kwa shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia, na kutoa matibabu yote kwa pamoja. Waliopata tatizo lililopimwa (kupoteza damu lita 1 au zaidi, upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu, au kifo kwa sababu ya damu) walikuwa asilimia 1.6 katika hospitali zenye kifurushi, dhidi ya asilimia 4.3 katika hospitali za huduma ya kawaida. Huwezi kupima kitu kama hicho kwa bahasha ya kila mama. Mkunga aliyefundishwa kutumia lile shuka hawezi kulitumia kwa mama wa kitanda namba 3 kisha ajifanye hajui kitu kwa mama wa kitanda namba 4. Hospitali nzima ndiyo inayogawiwa.

Hatua ya 2: Kadiria rho kwa mkono, angalau mara moja

Kiwango cha kufanana ndani ya klasta hupimwa kwa namba moja, ICC, ambayo kwenye fomula huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ρ na husomwa rho. Ikiwa 0, hospitali hazitofautiani zaidi ya bahati. Ikiwa 1, ukimjua mama mmoja umewajua wote wa hospitali ile.

Programu itakupa rho kwa sekunde, lakini fanya hesabu hii mara moja kwa kalamu, maana baada ya hapo hutaisahau. Namba hizi ni za mfano. Hospitali sita, akina mama 100 kila moja, na tunahesabu waliojifungua kwa upasuaji:

A 8, B 12, C 15, D 22, E 28, F 35.

Jumla ni 120 kati ya 600, yaani 0.20. Chukua tofauti ya kila hospitali na 0.20, ipandishe kwa kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa 5. Unapata 0.0105. Huo ndio mtawanyiko uliouona kati ya hospitali. Sasa jiulize mtawanyiko ungekuwa kiasi gani kama hospitali zote zingekuwa sawa na tofauti ikawa ya bahati tu: 0.20 × 0.80 ÷ 100, sawa na 0.0016. Toa. Inabaki 0.0089, nayo ni tofauti ya kweli kati ya hospitali. Igawe kwa 0.16 (yaani 0.20 × 0.80), unapata rho ya takribani 0.056.

Namba inaonekana ndogo, na udogo wake huo ndio unaowaponza wengi. Tazama inachofanya. Ukiwachukulia akina mama 600 kana kwamba kila mmoja ametoka peke yake, masafa ya uhakika ya asilimia 95 (eneo ambamo thamani ya kweli inategemewa kuwamo) ni kuanzia asilimia 16.8 hadi 23.2. Ukikubali kwamba una hospitali sita tu, unatumia mtawanyiko wa hospitali na jedwali la t lenye digrii huria 5 (hospitali sita toa moja), na masafa yanakuwa asilimia 9.2 hadi 30.8. Data ni ileile, wastani ni uleule. Ripoti ya kwanza inamwambia mganga mkuu wa mkoa kwamba tunajua. Ya pili inamwambia kwamba bado tunapapasa, nayo ndiyo ya kweli.

Rho haifanani kwa kila kipimo. Mambo yanayoamuliwa na desturi ya wodi huwa na rho kubwa: kujaza patografu (chati ya maendeleo ya leba), kuongeza njia (kuchana msamba), kutoa oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba), kumweka mtoto kifuani kwa mama mara anapozaliwa. Huko muuguzi kiongozi akiamua jambo, linafanyika kwa wote. Matokeo ya nadra kama kifo cha mama huwa na rho ndogo sana. Hivyo usichukue rho ya vifo ukapangia sampuli ya utafiti wa matumizi ya patografu.

Utaipata wapi kabla ya kuanza? Tafiti zilizochapishwa, hasa majaribio ya klasta, kwa kawaida huitaja. Njia nyingine ambayo watu huipita wakati iko mlangoni: jumla za kila mwezi za DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa takwimu za vituo vya afya. Kwa kipimo cha ndiyo au hapana si lazima uwe na rekodi ya kila mama. Idadi ya waliojifungua na idadi ya waliopata tukio, hospitali kwa hospitali, zinatosha kufanya hesabu ya hapo juu.

Hatua ya 3: Panga sampuli, na usinunue kijiko pale unapohitaji sufuria

Fomula ya athari ya muundo, yaani mara ngapi klasta zinapunguza uzito wa sampuli, ni hii:

1 + (m − 1) × ρ

ambapo m ni idadi ya akina mama kwa hospitali. Tumrudie mwanafunzi wetu na tumpe rho ya 0.05. Inakuwa 1 + 299 × 0.05, sawa na 15.95. Gawa 3,600 kwa 15.95, unapata 226. Makosa yake sanifu ni mara nne ya yale ambayo programu itamwonyesha kama hajaiambia chochote kuhusu hospitali.

Anasema basi ataongeza akina mama hadi 600 kwa kila hospitali. Miezi mingine sita ya mabasi na gesti. Athari ya muundo inapanda hadi 30.95, na akina mama 7,200 wanakuwa na uzito wa 233. Amenunua akina mama saba! Kuna dari hapo, nayo ni idadi ya hospitali ikigawanywa kwa rho: 12 ÷ 0.05 = 240. Hata akikaa mpaka astaafu, kwa hospitali 12 hatavuka 240.

Sasa abaki na akina mama 3,600 walewale lakini awatoe hospitali 24, kila moja 150. Athari ya muundo ni 8.45, uzito ni 426. Nauli imeongezeka, ndiyo, lakini ushahidi umekaribia mara mbili.

Hospitali hazilingani ukubwa, na hilo linakula tena. Hospitali ya rufaa na kituo cha afya vikiwa katika utafiti mmoja, hospitali inazalisha kwa wiki idadi ambayo kituo kinaipata kwa miezi. Gawa mkengeuko sanifu wa ukubwa wa klasta kwa wastani wake, upate namba c, kisha tumia 1 + [(c² + 1) × m − 1] × ρ. Kwa c ya 0.8, wastani wa 300 na rho ya 0.05, athari inafika 25.55, na 3,600 wetu wanashuka hadi 141. Mara nyingi ni busara kuweka kikomo cha akina mama unaowachukua hospitali kubwa badala ya kubeba rejesta yote.

Na klasta chache mno ni chache mno. Ukigawa hospitali sita, tatu kwa tatu, kuna njia 20 tu za kuzigawa, hivyo kwa jaribio la mpangilio upya la pande mbili (unalinganisha matokeo yako na yale ambayo kila mgawanyo mwingine ungetoa) thamani ndogo kabisa ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo kwa bahati tu, unayoweza kuipata ni 0.10, hata kama dawa yako inafufua wafu. Nne kwa nne zina njia 70, na p inaweza kufika 0.029. Chini ya nne kila upande, mimi simshauri mtu aite jaribio. Aite utafiti wa awali.

Hatua ya 4: Namba za utambulisho

Hatua hii ni fupi, ila ndiyo inayonipotezea usiku mwingi kuliko modeli zote.

Niliwahi kupokea data ambayo kila hospitali ilianza kuhesabu akina mama kutoka 001. Programu ikaunganisha faili kwa namba ya mama peke yake, na mama 047 wa hospitali moja akapewa mtoto wa mama 047 wa hospitali nyingine. Tuligundua kwa sababu mtoto mmoja wa kilo 3.4 alionekana amezaliwa kwa mimba ya wiki 27. Tangu siku hiyo namba ya mama kwangu huanza na namba ya hospitali: 07-0047, na mtoto 07-0047-1, pacha wake 07-0047-2.

Mama aliyepewa rufaa ni mtego mwingine. Anaandikwa kituo cha afya alikoanzia leba, anaandikwa tena hospitali alikofanyiwa upasuaji. Amua mapema kwenye itifaki: anahesabiwa pale alipojifungulia, au katika klasta aliyofika kwanza? Kama unajaribu mafunzo ya vituo vya afya, ukimhesabu alikojifungulia tu, kituo kinachosukuma wagonjwa wake wote rufaa kitaonekana hakina vifo. Katika rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania) safu ya rufaa ipo. Ingiza zote mbili, alikotoka na alikofikia.

Andika pia tarehe, saa na zamu. Huenda usivitumie, lakini kurudi kuvitafuta baada ya mwaka haiwezekani.

Hatua ya 5: Uchambuzi

Hospitali chache, tuseme chini ya 15 kila upande: chukua njia ya zamani isiyopendeza machoni. Kila hospitali iwe namba moja (asilimia, kiwango, au wastani), kisha linganisha namba hizo kwa jaribio la t au kwa mpangilio upya. Wahakiki wa majarida huiona ya kizamani. Haidanganyi.

Hospitali nyingi zaidi: una njia mbili. Modeli ya ngazi nyingi huipa kila hospitali kiwango chake cha kuanzia. Katika programu ya takwimu ya R:

glmer(tukio ~ mafunzo + (1 | hospitali), family = binomial, data = d)

Katika Stata:

melogit tukio i.mafunzo || hospitali:

Njia ya pili ni GEE (generalized estimating equations), ambayo inakadiria wastani wa watu wote na kurekebisha makosa sanifu kwa klasta. Hazijibu swali moja. Odi ni uwezekano wa tukio kutokea ukigawanywa kwa uwezekano wa kutotokea. Uwiano wa odi wa modeli ya ngazi nyingi unazungumzia akina mama wawili wa hospitali moja. Wa GEE unazungumzia jamii nzima, na kwa kawaida husogea karibu na 1. Mtunga sera huhitaji zaidi wa pili, mkunga wa wodini wa kwanza. Marekebisho ya GEE hutegemea klasta nyingi: zikiwa chini ya 40 makosa sanifu hutoka madogo kuliko haki, kwa hiyo omba masahihisho ya sampuli ndogo, kama ya Mancl na DeRouen au Kauermann na Carroll. Kwa vipimo endelevu kama uzito wa kuzaliwa, katika modeli ya ngazi nyingi tumia masahihisho ya Kenward-Roger.

Tahadhari moja kuhusu rho hapa. Modeli ya lojistiki inatoa rho ya kipimo cha logi ya odi: mtawanyiko wa hospitali ukigawanywa kwa jumla ya huo mtawanyiko na 3.29. Mtawanyiko wa 0.5 unatoa 0.13. Usiichukue ukaiingiza kwenye fomula ya hatua ya 3, ambayo inataka rho ya kipimo cha asilimia. Nimeona pendekezo la utafiti likikataliwa kwa kosa hilo tu. Kwa kumweleza mtu asiye mtakwimu, afadhali uwiano wa odi wa kati: e kwa kipeo cha 0.954 × σ, ambapo σ ni kipeuo cha pili cha mtawanyiko wa hospitali. Kwa 0.5 unapata karibu 2. Maana yake, ukimhamisha mama yuleyule kutoka hospitali yenye hatari ndogo kwenda yenye hatari kubwa, odi zake kwa kawaida zinakaribia kuongezeka mara mbili. Hilo linaeleweka kikaoni.

Kisha kuna jambo ambalo kurekebisha makosa sanifu hakuligusi. Tuseme unataka kujua kama magnesiamu salfeti inapunguza vifo vya akina mama wenye kifafa cha mimba, kwa kutumia rekodi za kawaida. Hospitali za rufaa zinaitumia sana, na hospitali za rufaa ndizo zinazopokea waliozidiwa. Ukichanganya data yote, dawa itaonekana inaua. Suluhisho ni kuipasua vipande viwili: asilimia ya akina mama waliopata dawa katika hospitali, na tofauti ya kila mama na asilimia hiyo. Weka vyote viwili katika modeli. Cha kwanza kinabeba tofauti ya hospitali na hospitali. Cha pili kinalinganisha mama na mama wa wodi ileile. Vikipingana, kiamini zaidi cha pili, ingawa hata ndani ya wodi moja aliyezidiwa ndiye anayepewa dawa, kwa hiyo ukali wa ugonjwa nao uwemo katika modeli.

Hatua ya 6: Kama programu inaingia kwa zamu

Baadhi ya tafiti za uzazi Afrika Mashariki hutumia muundo wa ngazi (stepped-wedge): hospitali zote huanza bila programu, kisha zinaingia moja moja au kwa mafungu, mpaka zote ziwe ndani. Programu ya Safer Births Bundle of Care ilifanya hivyo Tanzania, katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa akina mama takribani 281,000. Matokeo yaliyotoka mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto, waliozaliwa wafu na waliokufa mapema, vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Watu wanaupenda muundo huu kwa sababu hakuna hospitali inayonyimwa.

Gharama yake ni wakati. Miezi ya mwanzo ni ya "bila", ya mwisho ni ya "pamoja na", na dunia haikusimama katikati. Kumbuka Kenya: madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, kisha wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Utafiti wa ngazi uliopita hapo bila kuweka kipindi katika modeli ungesifia au kulaumu programu kwa mambo ya mgomo. Kwa hiyo mwezi au robo mwaka lazima uwe ndani ya modeli, hata kama hauna p ndogo. Na akina mama wa hospitali moja waliojifungua mwezi mmoja wanafanana kuliko wa hospitali hiyohiyo wa miaka miwili tofauti, hivyo ongeza ngazi ya hospitali na kipindi:

(1 | hospitali) + (1 | hospitali:kipindi)

Ukiiacha hiyo ya pili, masafa yako ya uhakika yatakuwa membamba kuliko unavyostahili.

Hatua ya 7: Kuandika matokeo, na kuyarudisha wodini

Taja idadi ya klasta kila unapotaja idadi ya watu, tangu muhtasari. Taja ukubwa wa hospitali ndogo kabisa na kubwa kabisa. Taja rho ya kila matokeo makuu, na kipimo chake (asilimia au logi ya odi). Mwongozo wa CONSORT wa kuripoti majaribio ya klasta unaidai, na mtu wa mwakani anayepanga sampuli ataitafuta kwako kama ulivyoitafuta kwa wengine. Eleza hospitali ikijitoa katikati ilifanyiwa nini.

Kisha kuna kikao cha kurudisha matokeo, ambapo mtu atauliza, "Sisi ni wa ngapi?" Usipeleke orodha ya asilimia ghafi. Kituo kidogo chenye watoto 120 na vifo sifuri kitakaa juu kabisa, na hospitali ya mkoa itakaa chini huku muuguzi kiongozi wake akiinamisha kichwa. Lakini kama hatari ya kweli ni 12.5 kwa 1,000, watoto 120 wanategemewa kuwa na vifo 1.5, na uwezekano wa kuona sifuri kwa bahati tu ni asilimia 22. Tumia makadirio ya modeli ya ngazi nyingi, yanayovuta vituo vidogo kuelekea wastani wa jumla, chora kila kimoja na masafa yake ya uhakika, na uviweke kwa herufi badala ya majina. Muuguzi kiongozi mpe herufi ya wodi yake pembeni, kwenye karatasi aliyokunjiwa.